SOMO LA AFYA: MTOTO WA KIUME MWENYE SIKOSELI NA TATIZO LISILOSEMWA



Somo la robo hii linahusu jambo ambalo ni nadra kutajwa katika kikao cha parokia. Tumeona tulilete kwa sababu linawapata watoto wetu wa kiume, na kwa sababu likijulikana mapema madhara yake makubwa yanaweza kuzuilika. Tunaomba lisomwe kwa utulivu, na akina mama wasiombwe kutoka nje wakati linaposomwa. Wao ndio wanaolala chumba cha jirani mtoto anapougua usiku.

(Kwa wafadhili walio mbali: Nyarugusu tunayoizungumzia ni kata ya wachimbaji wa dhahabu mkoani Geita, si ile kambi ya wakimbizi yenye jina hilo wilayani Kasulu, Kigoma.)

Ukitaja upungufu wa nguvu za kiume katika eneo la machimbo, watu humfikiria mtu mzima mwenye kisukari, presha au ulevi, na muuza mizizi hupata wateja papo hapo. Si fikra ya bure. Utafiti uliofanyika katika kliniki ya kisukari ya Hospitali ya Taifa Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014 uliwahusisha wanaume 312 wenye kisukari, na asilimia 55 kati yao walikuwa na tatizo hilo kwa kiwango fulani. Hao sukari huwaharibia mishipa ya damu na ya fahamu polepole, kwa miaka mingi. Lakini ipo njia nyingine ya kuharibikiwa ambayo haingoji miaka. Inaweza kumaliza kazi yake kwa usiku mmoja na mchana unaofuata, na mara nyingi anayepatwa ni kijana ambaye bado hajaoa. Njia hiyo ni ya sikoseli, ugonjwa ambao wengine huuita selimundu.

UGONJWA ULIO KWETU

Sikoseli ni ugonjwa wa kurithi. Mtoto anayepokea kasoro hiyo ya damu kutoka kwa baba na kutoka kwa mama pia, huugua. Anayeipokea upande mmoja tu ni mbebaji: kwa kawaida haugui, na tena huwa na kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu kasoro hii imedumu sana katika nchi zenye malaria, na Kanda ya Ziwa ni mojawapo ya maeneo hayo.

Mwaka 2018 ilichapishwa kazi ya watafiti wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, pamoja na wenzao wa Marekani. Walichukua sampuli 17,200 za matone ya damu yaliyokaushwa, ambazo zilikuwa zimekwisha kukusanywa kwa watoto wadogo wa mikoa 9 ya kaskazini magharibi kwa ajili ya kipimo cha VVU, wakazipima tena kwa ajili ya sikoseli. Asilimia 20.3 ya watoto hao walikuwa wabebaji, na asilimia 1.2 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Tukiipeleka hesabu hiyo kwenye daftari letu la ubatizo, ni kama mtoto mmoja katika kila watoto 80 au zaidi kidogo. Parokia yenye vigango vingi haiwezi kusema haina.

Wazazi wengi wa watoto hawa wanayajua maumivu ya mifupa, upungufu wa damu, macho ya manjano na kulazwa mara kwa mara. Jambo ambalo wachache wameambiwa ni kwamba mtoto wa kiume mwenye sikoseli anaweza kuamka usiku uume umesimama bila hamu yoyote, unauma, na haulali. Madaktari huliita tatizo hilo priapizimu. Uchunguzi wa Jamaica uliochapishwa mwaka 1980 uliwauliza wanaume 104 wenye sikoseli, na asilimia 42 walikuwa wamewahi kupatwa nalo. Mwingine wa mwaka 2002, uliowahusu wagonjwa 130 wa Uingereza na Nigeria, ulipata 46, yaani asilimia 35, na robo tatu ya hao walianza kabla ya kutimiza miaka 20. Uchunguzi huo wa pili ulitoa pia hesabu iliyotusikitisha kuliko zote: kati ya wale ambao hawajawahi kupatwa, asilimia 7 tu ndio waliojua kwamba sikoseli inaweza kuleta jambo hilo. Hao ni wagonjwa wanaohudhuria kliniki, wengine katika nchi tajiri. Kijana anayesukuma mawe kwenye karasha la Nyarugusu atakuwa ameambiwa na nani?

MISULI INAYOFANYA KAZI KWA KULEGEA

Ili tuelewe kwa nini saa ni muhimu, hatuna budi kujua kidogo jinsi kiungo hiki kilivyoumbwa. Ndani ya uume hamna mfupa, wala hamna misuli kama ile ya mkono. Kuna nguzo mbili zilizo kama sifongo, zenye vyumba vidogo vidogo, na kuta za vyumba hivyo zimejengwa kwa misuli laini, yaani misuli isiyotii amri ya mtu, ya aina ile inayopatikana pia katika tumbo na kuta za mishipa ya damu.

Watu wengi hudhani uume husimama kwa misuli kukaza. Ni kinyume chake. Wakati wa kawaida misuli hii laini imejikaza kama ngumi iliyofumbwa, na damu haipati nafasi ya kuingia kwa wingi. Inapolegea, ngumi hufumbuka, damu hujaa vyumbani, na vyumba vilivyojaa hubana mishipa ya kutolea damu. Ili uume ulale, misuli inapaswa kujikaza tena na kuisukuma damu nje.

Kinacholegeza misuli ni gesi inayotengenezwa na mishipa ya fahamu na ngozi ya ndani ya mishipa ya damu, iitwayo naitriki oksaidi. Wamarekani watatu, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kugundua kazi ya gesi hii mwilini. Gesi huamsha kemikali ya kulegeza, na kisha kimeng'enya kiitwacho PDE5 huivunja kemikali hiyo ili misuli ijikaze tena. Tunaweza kusema gesi ni mafuta na PDE5 ni breki. Dawa ya sildenafili, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Viagra, iliruhusiwa Marekani mwaka huohuo wa 1998. Kazi yake ni kuishika ile breki isifanye kazi kwa saa kadhaa.

Kwa mgonjwa wa sikoseli mpango huu umevurugika tangu mwanzo. Chembe zake nyekundu za damu hupasuka mapema, na yaliyomo humwagika na kuila ile gesi. Mwili unaoishi na gesi kidogo siku zote hupunguza breki pia, maana hazina kazi kubwa. Halafu usiku, kama inavyotokea kwa kila mwanamume mwenye afya, uume unasimama usingizini. Kemikali ya kulegeza inajikusanya na breki ni chache. Damu inakaa, inaishiwa oksijeni, na chembe za sikoseli zikikosa oksijeni hujikunja kama mundu na kuziba njia ya kutokea. Hapo mlango umefungwa kwa ndani.

SAA KWA SAA

Tunahesabu hapa muda tangu tatizo lilipoanza, si saa ya ukutani.

Damu iliyonaswa huwa nyeusi na yenye asidi, na misuli laini iliyomo ndani yake haipati hewa. Misuli isiyopata hewa haiwezi kujikaza hata ikitaka. Muda wa saa 4 ukipita madaktari huhesabu kuwa ni dharura. Kufikia saa 12 tishu zimeanza kuvimba. Kufikia saa 24 ngozi ya ndani ya vile vyumba imeharibika na damu imeanza kuganda. Kufikia saa 48 misuli laini yenyewe inakufa, na mahali pake mwili huweka kovu. Wanaume wanaofika hospitali baada ya saa 36 wengi wao hawarudii hali yao ya kwanza.

Kovu ndilo jambo kubwa katika somo hili. Misuli hufunguka na kufumba, kovu halifanyi lolote kati ya hayo mawili. Kijana huyu akija kuoa baada ya miaka mitano akanunua sildenafili, au ule unga wa muuza mizizi (ambao katika nchi nyingi umekutwa umechanganywa na sildenafili kimyakimya), dawa itashika breki ya gari lisilo na injini. Hapo ndipo ndoa changa zinapoingia katika maneno, na mke ndiye anayelaumiwa kwanza.

Kuna pia hali ya vipindi vifupi: nusu saa leo, saa nzima wiki ijayo, kisha inapotea kwa mwezi. Kijana huizoea na kuificha. Hali hiyo mara nyingi hutangulia kile kipindi kirefu, kwa hiyo ndiyo nafasi nzuri zaidi ya kumfikisha kliniki.

KWA NINI WANACHELEWA

Tuchukue mfano wa kijana wa miaka 17 anayelala kambini na wenzake sita karibu na duara. Anaamka saa nane usiku katika hali hiyo. Atamwambia nani? Wenzake watacheka. Akimwambia mjomba wake, ataulizwa amekunywa dawa gani. Akizidi kuumwa mchana, watu wazima wataanza kunong'ona kuwa ametegwa, kwamba ametembea na mke wa mtu na mwenye mke ameweka tego. Atapelekwa kwa mganga kwanza, na kwa mganga hakuna anayehesabu saa. Akifika kwenye zahanati siku ya pili, anaweza kupokelewa na mhudumu ambaye hajawahi kuona hali hiyo, akapewa dawa ya maumivu na kuambiwa arudi kesho.

Hatusemi haya kumlaumu mtu. Mhudumu hafundishwi kila kitu, na mjomba naye hakuambiwa. Hata hivyo maneno ya tego yanaumiza kuliko ugonjwa, kwa sababu humfanya mtoto aliyezaliwa na kasoro ya damu aonekane mwenye dhambi. Kipindi cha kwanza kinaweza kumpata mtoto wa darasa la tano.

Mazingira ya machimbo nayo yanachangia. Kukosa maji mwilini na pombe ni vichocheo vinavyojulikana vya matatizo ya sikoseli. Shimoni kuna joto, hewa ni chache, na maji ya kunywa hubebwa kwa kidumu kimoja kwa watu wengi. Kwa maoni yetu kijana mwenye sikoseli hapaswi kushuka duarani kabisa, na kamati inayomjua kijana wa namna hiyo imsaidie kupata kazi ya juu.

KINACHOFANYIKA HOSPITALI

Nyumbani, tatizo linapoanza tu, kijana akojoe, anywe maji ya kutosha, ameze dawa ya maumivu aliyoelekezwa kliniki, atembeetembee na kuoga maji ya uvuguvugu. Asiweke barafu wala kitambaa cha maji baridi. Watu wengi hukimbilia baridi wakidhani inapunguza uvimbe, lakini kwa damu ya sikoseli baridi huzidisha kujikunja kwa chembe. Zikipita saa 2 bila nafuu, safari ianze. Saa 4 ni mpaka wa hatari, si muda wa kuanza kutafuta bodaboda.

Hospitalini tiba ya kwanza si ghali wala si ya ajabu. Daktari huchoma ganzi, huingiza sindano pembeni, hufyonza ile damu nyeusi, na huosha kwa maji ya chumvi ya hospitali. Ikihitajika hudunga kiasi kidogo cha dawa inayokaza misuli laini, fenilefrini, huku akipima shinikizo la damu. Mahali pengine imetumika adrenalini iliyozimuliwa sana. Madaktari wa Dallas, Marekani, walichapisha mwaka 2000 taarifa ya watoto na vijana 15 wa sikoseli waliotibiwa kwa kufyonzwa damu na kuoshwa kwa adrenalini iliyozimuliwa, mara 39 kwa jumla, na mara 37 uume ulilala. Upasuaji hufuata tu pale njia hii inaposhindwa. Kuongezewa au kubadilishiwa damu, ambako zamani kulitangulizwa mahali pengi, miongozo ya sasa inasema kusicheleweshe sindano.

Kwa hiyo kinachotenganisha kijana aliyepona na aliyeharibikiwa, mara nyingi, ni barabara na simu. Ngazi za rufaa kwetu ni zahanati au kituo cha afya cha karibu, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Geita, kisha Bugando. Wasomaji wetu wa zamani wanakumbuka mgonjwa wa Bugando alivyokuwa akisubiri kivuko Busisi. Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 kati ya Kigongo na Busisi, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025, na tangu hapo mgonjwa wa usiku hakwamishwi tena na ziwa. Hayo ni mafanikio makubwa, ingawa hayamsaidii kijana aliyekaa kimya kitandani.

UTAFITI UMEFIKA WAPI

Wafadhili kadhaa hupenda kujua kama sayansi inaweza kuirudisha misuli iliyokufa. Jibu la ukweli ni kwamba bado. Mwaka 2010 madaktari wa Korea Kusini waliwadunga wanaume 7 wenye kisukari chembe shina kutoka damu ya kitovu. Mwaka huohuo watafiti wa Haifa, Israel, waliwajaribu wanaume 20 kwa mawimbi mepesi ya mshtuko ili mishipa mipya iote. Majaribio ya aina hizo yameendelea, lakini idadi ni ndogo, na mwaka 2018 chama cha wataalamu wa tiba hizo Marekani ya Kaskazini kilitamka kwamba zibaki ndani ya utafiti, zisiuzwe kama tiba. Atakayekuja Nyarugusu na mashine akiahidi kurudisha nguvu, kamati ijue hivyo. Kwa aliyekwisha kupata kovu, njia iliyothibitika ni kifaa cha bandia kinachowekwa kwa upasuaji, ambacho kwa familia zetu bado kiko mbali mno.

Upande wa kuzuia una matumaini zaidi. Arthur Burnett na wenzake wa Johns Hopkins, Marekani, walikuja na wazo linaloshangaza: kumpa mgonjwa wa vipindi vya kurudiarudia dozi ndogo ya dawa za kundi la sildenafili kila siku, wakati ambapo uume haujasimama, ili mwili uzoee tena kuwa na kemikali ya kutosha na kurudisha breki zake. Taarifa yao ya kwanza ya mwaka 2006 ilitia moyo. Jaribio la mwaka 2014 lilikuwa na wanaume 13 tu na halikutoa jibu la wazi. Mgonjwa asijaribu jambo hili mwenyewe kwa vidonge vya dukani. Ni la daktari.

Dawa ambayo tayari ina ushahidi mkubwa kwa sikoseli kwa jumla ni haidroksiyurea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulifuatilia watoto 606 wa Luanda, Kinshasa, Kilifi ya Kenya na Mbale ya Uganda. Walipoitumia, maumivu yalipungua, malaria ilipungua, na vifo vilipungua. Kwa priapizimu yenyewe ushahidi ni mdogo, wa wagonjwa wachache wachache, ila inaeleweka kwamba damu isiyopasuka ovyo huila gesi kidogo. Kwa kuwa tunazungumza na wazazi wanaotamani wajukuu, tuseme pia kwamba haidroksiyurea inaweza kupunguza mbegu za kiume. Kijana aongee na daktari kabla, asiache dawa kwa kusikia maneno ya barabarani.

KAZI KWA KAMATI

Tunapendekeza kila kamati ianze na orodha ya watoto wa sikoseli inayowajua, kwa ridhaa ya wazazi, na isisomwe hadharani. Kwa kila mtoto wa kiume aliyefikisha miaka 8 hivi, atafutwe mtu mzima mmoja wa kiume anayemwamini: baba, babu, mwalimu wa dini, kocha wa mpira. Huyo ndiye atakayemwambia mapema, kwa maneno mepesi, kwamba jambo hili likitokea si kosa lake, na kwamba ana ruhusa ya kumwamsha mtu saa yoyote ya usiku. Pale ambapo kijana amekwisha kuhamia kambini, mtu huyo awe na simu isiyozimwa.

Jambo la pili ni nauli. Mifuko ya dharura ya parokia zetu imezoea kumsafirisha mama mjamzito, na hakuna anayeuliza maswali. Kijana huyu naye asafirishwe vilevile. Mtunza mfuko asidai maelezo mbele ya watu. Ikitosha aandike "dharura ya sikoseli" na kiasi.

Kwa wafadhili: badala ya vifaa vikubwa, tunaomba mchango wenu ufikirie siku moja ya mafunzo kwa waganga na wauguzi wa vituo vya karibu, itolewe na daktari wa mkoa au wa Bugando, pamoja na karatasi ndogo ya Kiswahili ambayo kijana ataibeba mfukoni, yenye maneno haya: "Nina sikoseli. Uume umesimama tangu saa ____. Naomba nionwe sasa." Kijana ataijaza saa mwenyewe, kisha ataikabidhi dirishani bila kulazimika kutamka lolote mbele ya foleni.

Maswali ya kujadili kabla ya kikao kijacho: Katika kigango chenu ni nani anayepokea simu saa nane usiku? Funguo za mfuko wa dharura anazo nani, na yeye analala wapi? Na watoto wa sikoseli waliohamia machimboni mwaka huu, je, kuna anayejua wanalala kambi gani?